Pombe na Usukani: Anayefundishwa Siye

Chupa ya bia inayouzwa Kenya haina budi kubeba onyo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliorodhesha maonyo ya kuchapwa kwenye lebo: ulevi wa kupindukia unadhuru afya, unaharibu ini, unavuruga uamuzi hivyo usiendeshe gari wala mtambo, na kileo kisiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18. Upande wa pili wa mpaka, matangazo ya bia Tanzania humalizikia kwa maneno ambayo hata mtoto anayecheza sebuleni ameshayakariri: hairuhusiwi kuuzwa kwa walio chini ya umri wa miaka 18, kunywa kistaarabu.

Kwa hiyo habari zimefika. Ni vigumu kumpata dereva Nairobi, Arusha au Kampala asiyejua kwamba pombe na usukani haviendi pamoja, au mwenye duka asiyejua kwamba mtoto hauziwi bia. Hata hivyo Kenya pekee hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na duniani kote, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Ulevi ni moja ya sababu zinazotajwa kila mwaka, kila mkoa, katika kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani.

Kasoro kubwa ya kampeni hizi iko kwa mtu zinayemlenga. Onyo limeandikwa kwa ajili ya mnywaji, na mnywaji hulikuta saa 4 usiku chupa ya nne ikiwa mezani, wakati ambapo kile kinachohitajika ili onyo lifanye kazi, yaani akili ya kupima hatari, ndicho pombe ilichokichukua kwanza. Mtoto naye huambiwa asinywe na mtu yule yule aliyemtuma dukani kuleta bia. Ukifuatilia nchi zilizofanikiwa kupunguza vifo hivi, utaona kwamba zilielekeza nguvu kwa watu wengine kabisa: abiria, muuzaji, mzazi, mwenye sherehe na askari. Hao ndio wenye akili timamu wakati jambo linapotokea.

Hesabu ya chupa

Somo lenyewe kwanza lina upungufu. Mihadhara mingi husimulia ajali, huonyesha picha za magari yaliyopondeka, kisha humalizika. Mara chache msikilizaji huondoka akijua chupa moja inamfanyia nini mwilini.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya kilevi ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo huongeza kama miligramu 40 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Kwa mwanamke, ambaye kwa kawaida ana uzito mdogo na maji kidogo zaidi mwilini, kiwango hupanda zaidi ya hapo. Kikomo cha kisheria kwa madereva wa kawaida Kenya, Uganda na Tanzania ni miligramu 80. Maana yake chupa mbili zinazofuatana haraka zinatosha kumfikisha mtu mzima mstarini, huku yeye mwenyewe akijiona bado hajaanza.

Ini nalo lina mwendo wake. Hushusha kipimo hicho kwa karibu miligramu 15 kwa saa, na hakuna kahawa chungu, supu ya pweza, maji baridi wala nyama choma inayoliharakisha. Chukua dereva wa lori aliyekunywa chupa sita kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, akalala, akaamka saa 12 asubuhi kuendelea na safari. Ameoga, amepiga mswaki, amekunywa chai. Damuni mwake bado kuna karibu miligramu 60. Kwa kikomo cha 80 atapita akipimwa, lakini Afrika Kusini, ambako kikomo ni 50 na kwa madereva wa kitaaluma ni 20, atashushwa garini. WHO hupendekeza kikomo cha 50 kwa madereva wote, na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha, kwa sababu hatari huanza kupanda mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde. Pombe ikichelewesha mguu kufika kwenye breki kwa nusu sekunde tu, gari limeshaongeza mita 11 kabla ya kuanza kupunguza mwendo, ambazo ni karibu urefu wa basi zima. Kwa mtembea kwa miguu aliyeko kwenye kivuko cha Kimara au Githurai, mita hizo ndizo zinazoamua kama atafika ng'ambo.

Mtu akielezwa hesabu hii mchana, akiwa hajagusa glasi, anaweza kupanga usiku wake. Akielezwa akiwa baa atabisha.

Akina mama wa California

Mei 1980, katika mji wa Fair Oaks, California, msichana wa miaka 13 aitwaye Cari Lightner aligongwa na kuuawa na dereva mlevi aliyekuwa ameshawahi kukamatwa kwa makosa ya namna hiyo. Mama yake, Candy Lightner, alianzisha chama cha akina mama wanaopinga udereva wa ulevi, kinachojulikana duniani kwa kifupisho cha MADD. Siku hizo kuendesha gari ukiwa umelewa kulichukuliwa kama utundu wa wanaume, na mahakimu wengi walikuwa wakiwaachia washtakiwa kwa karipio.

Akina mama hao hawakupoteza muda wao kuwabembeleza walevi. Walikwenda mahakamani kukaa viti vya mbele wakati wa hukumu ili hakimu awaone. Waliwafuata wabunge wa majimbo na waandishi wa habari. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoyataka majimbo yote kupandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21, na jimbo litakalokaidi likatwe sehemu ya fedha za serikali kuu za barabara. Wyoming, jimbo la mwisho, lilikubali mwaka 1988.

Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mradi ulioongozwa na Jay Winsten wa kuieneza desturi ya kila kundi la marafiki kuteua dereva wa usiku huo ambaye hatagusa pombe. Mradi uliwashawishi waandishi wa tamthilia za televisheni kuiingiza desturi hiyo katika hadithi zao, kwa sentensi moja tu ya mhusika hapa na pale. Ulichowaomba watazamaji ni makubaliano ya kikundi yanayofanywa kabla ya kutoka nyumbani, jambo ambalo hata mnywaji sugu angeweza kulikubali.

Matokeo ya jumla yanaonekana katika takwimu. Mwaka 1982 zaidi ya watu 21,000 walikufa Marekani katika ajali zilizohusisha dereva aliyezidisha kikomo. Mwaka 2019 walikuwa zaidi kidogo ya 10,000, ingawa magari barabarani yalikuwa yameongezeka sana. Miaka ya korona ikavuruga mambo, na mwaka 2021 idadi ikapita 13,000 kabla ya kuanza kushuka tena. Ushindi huo, basi, haukuwa wa kudumu.

Marekani hiyo hiyo ina mfano wa somo lililoshindwa. Programu ya D.A.R.E., iliyoanzia Los Angeles mwaka 1983, ilipeleka polisi madarasani kuwafundisha watoto kukataa pombe na dawa za kulevya. Ilipendwa na walimu, wazazi na wanasiasa. Tafiti za miaka ya 1990 zilipowafuatilia wanafunzi hao zilikuta kwamba tofauti kati yao na wenzao ambao hawakufundishwa ilikuwa ndogo mno, au haikuwepo. Shule nyingi za Afrika Mashariki bado zinatumia mtindo huo wa afisa mgeni, hotuba ya saa moja, na wanafunzi kuitikia kwa pamoja kwamba hawatakunywa.

Utah, Uskoti na Alcoblow

Elimu ikikosa mkono wa kuishikilia hupeperuka. Uskoti na jimbo la Utah zinalionyesha hilo vizuri kwa sababu zilifanya jambo linalofanana katika miaka inayokaribiana.

Desemba 2014 Uskoti ilishusha kikomo kutoka miligramu 80 hadi 50, kukiwa na kampeni kubwa ya kuwaeleza wananchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipolinganisha ajali za huko na za Uingereza na Wales, ambako kikomo kilibaki 80, hawakuona ajali zikipungua. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba upimaji wa barabarani haukuongezwa vya kutosha, na usafiri mbadala wa bei nafuu haukupatikana.

Utah ilishusha kikomo chake hadi 50 mwishoni mwa mwaka 2018. Mwaka 2019 kiwango cha ajali za vifo kwa kila maili iliyosafiriwa kilikuwa chini kwa karibu asilimia 20 kikilinganishwa na mwaka 2016. Zaidi ya mmoja kati ya wanywaji watano waliohojiwa alisema amebadili mwenendo, na badiliko lililotajwa zaidi lilikuwa kuhakikisha usafiri wa kurudi nyumbani kabla ya kwenda kunywa.

Kenya imepita njia yake yenyewe. Desemba 2013 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) iliingiza barabarani vipima pumzi vilivyopewa jina la Alcoblow. Kwa muda Nairobi ilibadilika: waliozoea kurudi nyumbani saa 8 usiku walianza kuacha magari baa, wengine walikunywa karibu na kwao. Mara zikazuka pia mbinu za kukwepa, huku madereva wakitumiana taarifa kwenye mitandao kuhusu barabara zenye kizuizi usiku huo. Kisha, mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ilitamka kwamba kanuni zilizotumika kuwapima madereva hazikuoana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kazi ilisimama, ikaja kurudi baadaye kwa vipindi. Uganda nako operesheni ya polisi inayojulikana kama Kawunyemu huja kwa msimu na kuondoka.

Msimu ndio udhaifu wake. New South Wales, Australia, ilipoanza upimaji wa nasibu Desemba 1982, askari walipewa uwezo wa kumsimamisha dereva yeyote, mahali popote, bila kungoja ayumbe. Dereva wa Sydney hakuweza kubashiri. Dereva wa Dar es Salaam au Mombasa hubashiri vizuri sana: Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka kuna vizuizi, na katikati ya Februari hakuna. Akiongeza uzoefu wake kwamba kitu kidogo hufungua njia, hana sababu ya kuogopa, na hotuba ya kamanda redioni humpita kama tangazo la hali ya hewa.

Mtoto na chupa ya nyumbani

Kuhusu watoto, sheria zipo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo na kumruhusu kuingia baa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza hata baa kuwekwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliona kwamba umri mdogo zaidi wa kuanza kuonja pombe ulikuwa miaka 7.

Mtoto wa miaka 7 hakuingia baa kwa miguu yake. Alionjeshwa. Katika Kilimanjaro mbege ni kinywaji cha ukoo, cha ngoma na cha matambiko. Pwani mnazi hugemwa nyuma ya nyumba. Magharibi mwa Kenya busaa huchachuliwa jikoni. Mjomba anampa mtoto funda moja watu wacheke. Jioni anatumwa bia dukani, na mwenye duka anampa kwa sababu anamjua baba yake. Kufikia kidato cha pili, mtoto huyo ameshajifunza kwamba pombe ni kitu cha kawaida cha nyumbani, na kwamba makatazo ni maneno ya shuleni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa mara nne wa kuja kuwa watumwa wa pombe, wakilinganishwa na walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi.

Bei na ukubwa wa chombo navyo hufundisha. Hadi mwaka 2017 Tanzania ilikuwa imejaa viroba, pakiti ndogo za plastiki za pombe kali zilizouzwa kwa bei ya soda na kuingia mfukoni mwa sare ya shule bila kuonekana. Bodaboda wengi walikuwa wakizifyonza kati ya abiria mmoja na mwingine. Februari mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Mirerani, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi ni marufuku. Pombe kali haikutoweka, ilihamia kwenye vichupa vidogo, lakini bei ya chini kabisa ya kulewa ilipanda. Uganda ilifuata njia hiyo mwaka 2019. Hapa hakuna kijana aliyehitaji kushawishiwa kwa hotuba. Kilichoondolewa ni kitu kilichokuwa kinamtongoza.

Gharama ya kufumba macho ilionekana Juni 2022 huko East London, Afrika Kusini, ambapo vijana 21 walikufa ndani ya baa ya Enyobeni. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 13. Umri wa kisheria wa kunywa nchini humo ni 18, na mlangoni kulikuwa na mtu mzima aliyewaruhusu kuingia.

Iceland ilikuwa na aibu ya aina yake mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia. Nchi iliamua kuwafundisha wazazi. Walishauriwa kula na kukaa na watoto wao siku za kawaida, wakasaini makubaliano ya pamoja kwamba hakuna sherehe za vijana bila mtu mzima, na wakapokezana zamu za kutembea mitaani usiku wa Ijumaa. Serikali iliimarisha muda wa watoto kuwa ndani na kuongeza fedha za michezo na muziki, na jiji la Reykjavik likaanza kuzipa familia kadi ya kulipia burudani hizo. Mwaka 2016 asilimia ile ilikuwa imeshuka hadi 5.

Nani afundishwe

Afrika Mashariki haina fedha za Iceland, ila ina kitu ambacho wengi wanakionea wivu, nacho ni jamii inayopanga mambo kwa kamati.

Tazama kamati ya harusi ya Dar es Salaam. Hukutana kila wiki kwa miezi miwili au mitatu. Ina mwenyekiti, mweka hazina, na bajeti yenye mistari: ukumbi, mapambo, MC, chakula, picha, keki, vinywaji. Mjadala wa kreti za bia unaweza kuchukua jioni nzima, wajumbe wakipiga hesabu ya chupa ngapi kwa kila mgeni ili kamati isiaibike. Mstari wa usafiri upo, lakini ni wa maharusi na wazee. Wageni wengine mia mbili, ambao kamati imewahesabia chupa moja moja, watajijua saa 6 usiku. Kamati inayoweza kuhesabu kreti inaweza kukodi Coaster mbili za kuwarudisha watu Mbagala na Tegeta, au kumwomba MC atangaze mapema nani ni dereva wa meza ipi. Elimu ikipelekwa hapo, miezi miwili kabla ya sherehe, inamkuta mtu anayeweza kuifanyia kazi.

Japani iliipa fikra hii nguvu ya sheria. Agosti 2006, Fukuoka, dereva mlevi aligonga gari la familia likatumbukia baharini na watoto watatu wa mama mmoja wakafa maji. Mwaka uliofuata sheria ilirekebishwa ili anayempa dereva pombe, anayempa gari, na abiria anayepanda akijua dereva amelewa, wote wawe na hatia. Mwenye baa akaanza kuuliza mgeni amekujaje kabla ya kummiminia. Tayari kulikuwa na huduma iitwayo daiko, ya madereva wanaokuja kukurudisha nyumbani ndani ya gari lako mwenyewe, na ikawa sehemu ya kawaida ya kutoka kwenda kunywa.

Kwa basi la mikoani, walengwa ni konda na abiria wa kiti cha mbele, ambao humnusa dereva kabla ya askari. Kwa bodaboda ni viongozi wa kijiwe: kijiwe kina mwenyekiti, kina daftari la wanachama, na kinaweza kumwondoa kwenye foleni aliyefika amelewa. Kwa watoto ni mwenye duka na baba anayemtuma mtoto. Misikiti na makanisa yanaweza kusaidia, ingawa yakizungumza na waumini wasiokunywa tu kuhusu dhambi ya kunywa, ujumbe unaishia mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yatakwama kwa sababu ya kodi na ajira za viwanda vya bia. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo inayofanya neno kama "kunywa kistaarabu" lipendwe na wenye viwanda: halitaji chupa ngapi, wala nani anaendesha, wala nani ameuza. Ustaarabu usio na kipimo kila mnywaji hujipatia alama zote.

Jaribio linalofuata liko Kenya. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya inayopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 hadi 21. Mjadala umejikita kwenye namba, kana kwamba 18 ilikuwa inatekelezwa. Majimbo ya Marekani yaliitii 21 kwa sababu yangepoteza fedha za barabara. Kenya, leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010, na ada zake ni mapato ya kaunti; Tanzania nako halmashauri ndizo zinazotoa leseni za vileo. Ofisi inayotakiwa kuifunga baa iliyomuuzia mwanafunzi ndiyo inayopungukiwa mapato ikifungwa. Hadi pale kaunti itakapopata hasara kubwa zaidi kwa kuiacha wazi, kwa mfano kwa kukatwa mgao wa barabara kila ukaguzi wa siri unapomkuta mtoto amehudumiwa, mwenye baa hana sababu ya kumwomba kijana kitambulisho, awe na miaka 17 au 20.